Ushirika ni nini, na faida yake inakwenda kwa nani?

Msimu wa mavuno ukifika katika bonde la Usangu, kuanzia Ubaruku na Rujewa hadi Igurusi, Kapunga na Madibira, kuna swali linalorudi kila mwaka: nani anapanga bei ya mpunga? Mkulima ndiye aliyelima, akapandikiza, akakesha akisubiri zamu ya maji na kufukuza ndege. Siku ya kuuza ikifika, mwenye gari na fedha taslimu ndiye anayetamka bei, na mara nyingi ndiye anayechagua hata gunia la kupimia.

Jibu ambalo viongozi, maafisa ugani na wakulima wazee hulitoa mara kwa mara ni moja: jiungeni na ushirika. Neno hili limesemwa sana hadi wengine wamelichoka. Wapo wanaodhani ushirika ni ofisi ya serikali. Wapo wanaodhani ni njia ya kupata mbolea ya mkopo tu. Na wapo wanaokumbuka jasho lao lilivyopotea, hawataki hata kulisikia jina. Makala hii inaeleza ushirika ni kitu gani hasa, unatofautiana vipi na vikundi vingine, fedha yake inavyozunguka, na mambo ya kuangalia kabla hujaweka kiingilio chako.

Maana ya ushirika

Ushirika ni biashara. Ni biashara inayomilikiwa na watu walewale wanaoitumia. Wakulima wa mpunga wanaounda chama cha kuuza mpunga wao ni wenye mali, ni wateja, na ndio wanaopiga kura. Hapo ndipo ushirika unapotofautiana na duka la mtu au kampuni.

Katika kampuni, mwenye hisa nyingi ana sauti kubwa. Mtu mwenye nusu ya hisa anaweza kuamua mambo hata kama hajawahi kukanyaga jaruba. Katika ushirika, kila mwanachama ana kura moja. Mama mwenye robo eka na mzee mwenye eka ishirini wana kura sawa kwenye mkutano mkuu.

Tofauti ya pili iko kwenye faida. Kampuni hugawa faida kwa kuangalia nani ameweka mtaji kiasi gani. Ushirika hurudisha ziada kwa mwanachama kwa kuangalia amekitumia chama kiasi gani. Aliyepeleka magunia mengi anapata zaidi kuliko aliyepeleka machache, hata kama hisa zao ni sawa.

Watu huchanganya ushirika na mambo mengine mawili. La kwanza ni vikundi vya kuweka na kukopa kama VICOBA. Hivyo vina faida yake, lakini mara nyingi ni vya watu wachache na havikusudii kukusanya na kuuza mazao. La pili ni jumuiya ya watumia maji. Hiyo inasimamia mifereji, zamu na utunzaji wa chanzo. Unaweza kuwa mwanachama mzuri wa jumuiya ya maji na bado ukauza mpunga wako peke yako kwa bei ya kutupa.

Kwa nini mkulima akiwa peke yake anapunjwa

Tuchukue mfano wa lumbesa. Tuseme gunia la kawaida ni debe sita, na mnunuzi anakuja na gunia lililofungwa lumbesa, linaloingia debe saba. Bei ya gunia ni ileile. Mkulima aliyevuna debe 84 angeuza magunia 14 kwa kipimo cha debe sita. Kwa lumbesa anauza magunia 12. Magunia mawili yameondoka bila kulipwa. Kama gunia ni shilingi 80,000, amepoteza shilingi 160,000 bila kuibiwa usiku. Ametoa mwenyewe, mchana kweupe, na akasaidia kupakia.

Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, na Wakala wa Vipimo hutoa elimu na kukamata wanaokiuka. Lakini mkulima aliye peke yake, mwenye mtoto anayetakiwa kurudi shule, akimwambia mnunuzi aondoe lumbesa, mnunuzi anakwenda nyumba ya pili. Sheria ipo, ila mtu mmoja hana nguvu ya kuisimamia pale shambani.

Mfano wa pili ni kuuza mpunga kabla haujavunwa. Mwezi wa pili fedha imekwisha. Palizi inadai, mbolea ya kukuzia inadai, na nyumbani kuna mgonjwa. Mtu anakuja na shilingi 50,000, mnakubaliana utamlipa gunia moja ukivuna. Mwezi wa sita gunia hilo linauzwa, tuseme, shilingi 80,000. Umelipa riba ya shilingi 30,000 kwa miezi minne juu ya shilingi 50,000. Hakuna benki inayothubutu kutangaza riba ya namna hiyo, lakini kwa kuwa inalipwa kwa gunia, wengi hawaioni kama riba.

Mambo haya mawili, kipimo na mkopo wa dharura, ndiyo yanayomnyima mkulima sehemu kubwa ya mavuno yake. Ushirika ulizaliwa kuyatibu hayo hasa.

Ushirika ulianzia kwenye mizani

Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, wafanyakazi 28, wakiwemo wafumaji wa nguo, walichanga fedha kidogo kidogo na kufungua duka lao. Wenye maduka wa wakati huo walikuwa wakichanganya unga na vitu visivyo chakula na kupunja kwenye mizani. Wale 28 walianza na bidhaa chache: unga, siagi, sukari na mishumaa. Waliuza kitu safi kwa kipimo cha haki, na mwisho wa kipindi walirudishiana ziada kulingana na kila mtu alichonunua. Kanuni walizoziandika ndizo mzazi wa kanuni saba zinazofuatwa na vyama vya ushirika duniani leo: uanachama wa hiari na ulio wazi, usimamizi wa kidemokrasia, wanachama kuchangia mtaji, chama kujitegemea, elimu na taarifa, vyama kushirikiana, na kuijali jamii.

Hapa kwetu hadithi inafanana. Kilimanjaro, wakulima wa kahawa walianzisha umoja wao mwaka 1925. Baada ya sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1932, KNCU ilizaliwa mwaka 1933. Nyanda za Juu Kusini hazikukaa nyuma. Mwaka 1936, wakulima wa tumbaku wa Songea waliunda chama kikuu cha Ngoni-Matengo.

Kanda ya Ziwa ndiko mizani ilikoonekana wazi zaidi. Wakulima wa pamba waliamini wanunuzi wanawapunja uzito. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, wakulima wakiongozwa na Paul Bomani walianza kuweka wapimaji wao wa kujitegemea, ili mtu ajue uzito halisi wa pamba yake kabla hajamkabidhi mnunuzi. Kutoka kwenye mizani hiyo vilikua vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikaungana kuwa shirikisho la Victoria, moja ya mashirika makubwa ya ushirika Afrika wakati huo. Bomani baadaye akawa Waziri wa Fedha.

Wakulima wa pamba hawakuanza kwa kujenga ofisi wala kuomba ruzuku. Walianza kwa kitu kimoja kilichowauma wote, wakakitafutia dawa ya pamoja.

Kwa nini wazee wengine hawauamini ushirika

Msikilizaji mwenye umri mkubwa atakumbuka upande mwingine. Baada ya uhuru vyama vilianzishwa kwa haraka nchi nzima, na vingine havikutokana na haja ya wakulima bali na agizo kutoka juu. Malalamiko ya wizi, upendeleo na gharama kubwa yalikuwa mengi hadi mwaka 1966 serikali ikaunda kamati maalum ya uchunguzi. Mwaka 1975 sheria ya vijiji ilikifanya kijiji chenyewe kiwe kama chama cha ushirika. Mwaka uliofuata, 1976, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na serikali. Kazi ya kununua mazao ikahamia kwa mamlaka na mashirika ya umma.

Wakulima wakabaki na mnunuzi mmoja, malipo yaliyochelewa na gharama ambazo hakuna aliyeziuliza. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika, lakini bado kwa mtindo wa kijiji. Ilikuwa sheria ya mwaka 1991 iliyorudisha wazi wazi uanachama wa hiari. Leo vyama vinaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika Namba 6 ya mwaka 2013, iliyounda Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

Historia hii ina somo moja. Mtu akiingizwa kwenye chama kwa kuwa anaishi kijijini, hakioni kuwa ni chake. Asipokiona kuwa ni chake, hafuatilii daftari. Na daftari lisipofuatiliwa, fedha hupata miguu.

Fedha ya chama inavyozunguka

Chama cha wakulima cha kuuza mazao hujulikana kwa jina la AMCOS. Chama cha kuweka akiba na kukopa hujulikana kwa jina la SACCOS. Sehemu nyingi vyote viwili hufanya kazi pamoja, kwa sababu mkulima ana shida mbili: fedha kabla ya mavuno na soko baada ya mavuno.

Unapojiunga unalipa kiingilio, ambacho hakirudi, na unanunua hisa, ambazo ni mtaji wako ndani ya chama. Mpunga wako ukifika kwenye ghala la chama unapimwa kwa mizani mbele yako, unaandikwa daftarini na unapewa risiti. Chama kikikusanya magunia ya watu wengi kinaweza kumwita mnunuzi mkubwa, kikamwambia: hapa pana magunia elfu moja ya Saro, yamekaushwa vizuri, yamepimwa kwa kilo. Mnunuzi huyo hana haja ya kuzunguka nyumba kwa nyumba na dalali, kwa hiyo ana nafasi ya kulipa zaidi. Chama kikiwa na mashine ya kukoboa au mkataba na mwenye mashine, kinaweza kuuza mchele badala ya mpunga, na pumba zikabaki mali ya wanachama.

Sasa tuangalie ziada, mahali ambapo watu wengi hupotea. Tuseme chama kimeuza magunia 1,000 na kuwalipa wanachama bei ya siku. Baada ya kulipa ulinzi, magunia, usafiri na mshahara wa meneja, imebaki ziada ya shilingi milioni 3. Sheria inataka sehemu ya ziada iwekwe akiba ya chama. Tuseme milioni 1 imewekwa akiba na mkutano mkuu umeamua milioni 2 zirudi kwa wanachama. Gawanya kwa magunia 1,000, unapata shilingi 2,000 kwa kila gunia. Mama aliyepeleka magunia 8 anapata shilingi 16,000. Mzee aliyepeleka magunia 50 anapata shilingi 100,000. Hayo ndiyo malipo ya pili. Kwenye kura ya kuchagua bodi, wote wawili wana kura moja moja.

Upo pia mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005. Unapeleka mazao kwenye ghala lenye leseni, unapewa stakabadhi inayoonyesha kiasi na ubora, na taasisi ya fedha inaweza kukukopesha sehemu ya thamani yake huku mpunga ukisubiri bei nzuri. Faida yake ni kwamba unapata ada ya shule bila kuuza kila kitu mwezi wa sita. Lakini kumbuka, ghala lina gharama na mkopo una riba. Bei nayo inaweza isipande kama ulivyotarajia. Chama makini hupiga hesabu hizo mbele ya wanachama kabla ya kuamua kusubiri.

Mfano wa karibu: Madibira

Hapa hapa wilayani Mbarali, upande wa kuelekea Mafinga, iko skimu ya umwagiliaji ya Madibira. Ilijengwa katika miaka ya 1990 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ikiwa na takribani hekta 3,000 kwa ajili ya wakulima wadogo, kwa kipimo cha hekta moja kwa mkulima. Wakulima hao waliunda chama chao, MAMCOS, kinachosimamia skimu, na pembeni yake kukawa na chama cha akiba na mikopo.

Ukilinganisha na shamba kubwa la Mbarali pale Ubaruku, lililojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1970, likaendeshwa na shirika la umma la NAFCO na baadaye likabinafsishwa, utaona njia mbili za kuendesha kilimo cha mpunga. Katika moja, mwananchi ni mfanyakazi au mkodishaji wa shamba. Katika nyingine ni mwenye chama, pamoja na mizigo yote inayokuja na umiliki: kuchangia matengenezo ya mifereji, kuhudhuria mikutano, kuwabana viongozi. Umiliki una kazi yake. Anayetaka matunda yake bila kazi hiyo atavunjika moyo mapema.

Ushirika hufa vipi

Vyama vingi haviuawi na maadui wa nje. Hufa kwa magonjwa yanayojulikana.

Ugonjwa wa kwanza ni kuuza pembeni. Chama kimemkopesha mwanachama mbolea, akivuna anampelekea dalali mpunga usiku kwa sababu dalali ana fedha mkononi. Deni linabaki kwenye chama, na wanachama waaminifu ndio wanaolilipa.

Ugonjwa wa pili ni malipo kuchelewa. Mwanachama hawezi kula risiti. Chama kisicho na mtaji wa kutoa malipo ya awali kinampa dalali nafasi.

Ugonjwa wa tatu ni madeni yasiyo na mipaka. Ndiyo maana kila mwaka mkutano mkuu hupitisha ukomo wa madeni, yaani kiasi cha juu ambacho bodi inaruhusiwa kukopa. Mwanachama asiyeuliza ukomo huo ameiachia bodi saini yake.

Ugonjwa wa nne ni ukimya. Mkutano mkuu unaitwa, watu wanakuja kumi na tano, hesabu zinasomwa haraka, wanapiga makofi. Sheria inataka vyama vikaguliwe hesabu, na kuna shirika la COASCO kwa kazi hiyo. Lakini mkaguzi huja mara moja. Mwanachama yupo siku zote.

Maswali ya kuuliza kabla hujajiunga

Kama kijijini kwako kuna chama, usijiunge kwa kusikia tu, na usikikatae kwa kusikia tu. Nenda ukaulize:

1. Je, chama kimesajiliwa, na cheti cha usajili kinaonekana ofisini?
2. Masharti ya chama yako wapi, na naweza kuyasoma au kusomewa?
3. Mkutano mkuu wa mwisho ulifanyika lini, na muhtasari wake uko wapi?
4. Hesabu za mwaka jana zilikaguliwa na nani, na hati yake ilisemaje?
5. Mizani ya chama imehakikiwa na Wakala wa Vipimo?
6. Chama kinadaiwa kiasi gani, na ukomo wa madeni ni kiasi gani?
7. Mwaka jana mwanachama alilipwa baada ya siku ngapi?

Kiongozi mwema hatakasirikia maswali haya. Atakayekasirika amekupa jibu.

Kama hakuna chama na mnataka kuanzisha, msianze na jina wala mhuri. Kaeni mkubaliane ni shida gani moja mnataka kuitatua msimu huu: labda mizani, labda mkopo wa mwezi wa pili, labda ghala. Pigeni hesabu mkiwa na idadi ya magunia mnayoweza kukusanya kweli, si mnayotamani. Kisha nendeni kwa afisa ushirika katika ofisi za Halmashauri ya Wilaya ya Mbarali, Rujewa. Atawaeleza idadi ya watu inayotakiwa kisheria, ambayo kwa chama cha wakulima inaanzia 20, namna ya kuandika masharti, na utaratibu wa kuomba usajili kwa Mrajis kupitia mfumo wa kielektroniki wa MUVU.

Mwaka 2025 ulikuwa Mwaka wa Kimataifa wa Ushirika uliotangazwa na Umoja wa Mataifa, na mwezi Aprili mwaka huo Benki ya Ushirika Tanzania ilizinduliwa Dodoma. Hizo ni hatua kubwa, lakini benki haitaleta lumbesa wala kuiondoa shambani kwako. Kazi hiyo ni ya watu ishirini, hamsini au mia wa kijiji kimoja watakaokubaliana kwamba msimu ujao hakuna gunia litakaloondoka bila kupita kwenye mizani yao, na kwamba daftari la mizani hiyo litasomwa hadharani.